Maandishi Yanayomrudia Mwandishi: Historia ya Zana za Tafakuri katika Utabibu

Kila taaluma iliyokabidhiwa maisha ya watu hutunza maandishi, na maandishi hayo yana kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa na kuhesabiwa kuwa moja. Kazi ya kwanza ni kutoa hesabu kwa wakubwa: mtumishi huandika ili mkuu wake, mwajiri au serikali ijue ni watu wangapi wamehudumiwa, kwa dawa gani na kwa gharama gani. Kazi ya pili ni kumfunza mwandishi mwenyewe, yaani kumwezesha aliyetenda alirudie tendo lake baada ya muda, alitazame kana kwamba limetendwa na mtu mwingine, na kupima iwapo alichokikusudia ndicho kilichotokea. Kazi hii ya pili ndiyo msingi wa kile ambacho wataalamu wa elimu hukiita tafakuri ya kitaaluma, na zana zilizobuniwa ili kuisaidia, kuanzia kadi ya karatasi hadi programu ya kompyuta, zina historia ndefu kuliko jina lenyewe.

Utabibu ni uwanja mzuri wa kuifuatilia historia hiyo, kwa kuwa ndani yake kosa hulipiwa na mwili wa mtu, na hivyo haja ya kujifunza kutokana nalo ni kubwa. Lakini kosa hilohilo laweza kumvunjia mtaalamu jina na kumkatia riziki, na hivyo hamu ya kulificha ni kubwa vilevile. Zana zote zinazoelezwa hapa zilizaliwa katikati ya mvutano huo. Zikifuatwa kwa mpangilio wa miaka, kutoka Boston hadi Harare, Eldoret, Zanzibar na Ifakara, zinadhihirisha kanuni moja: maandishi humfunza mtaalamu pale yanapomrudia yeye aliyeyaandika, yanapomrudia mapema kiasi cha kumfaa, na yanapomrudia mahali ambapo kukiri kosa si kujitia kitanzi. Zana iliyokosa mojawapo ya masharti hayo matatu, hata ilipobuniwa kwa ustadi mkubwa, ilielekea kugeuka mzigo wa uandishi.

Kadi za Boston

Mwaka 1894 wanafunzi wawili wa shule ya tiba ya Harvard nchini Marekani, Harvey Cushing na Ernest Amory Codman, walianza kuandika kwenye chati mapigo ya moyo na mwendo wa pumzi wa mgonjwa katika muda wote aliokuwa chini ya usingizi wa etha. Siku hizo kazi ya kutoa dawa ya usingizi iliachiwa wanafunzi wasio na mafunzo ya kutosha, na si mara moja mgonjwa alifia mezani kabla ya kisu kumgusa. Chati hiyo ilikuwa karatasi tu, lakini ilifanya jambo ambalo kumbukumbu ya kichwani haiwezi kulifanya: ililishika tukio linalopita haraka na kuliacha mahali ambapo aliyelishiriki angeweza kulichunguza kwa utulivu baadaye.

Codman alipokuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali Kuu ya Massachusetts alilipanua jambo hilo hadi likawa falsafa ya maisha yake, aliyoiita wazo la matokeo ya mwisho. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kueleweka: kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa iliyemtibu kwa muda wa kutosha kujua kama tiba ilimfaa, na kama haikumfaa, iulize kwa nini. Zana yake ilikuwa kadi moja kwa kila mgonjwa, ambayo juu yake ziliandikwa dalili alizokuja nazo, ugonjwa aliodhaniwa kuwa nao, tiba aliyopewa, matatizo yaliyojitokeza akiwa wodini, ugonjwa uliothibitishwa alipotoka, na hali yake baada ya mwaka mmoja. Thamani ya kadi ilikuwa katika mstari huo wa mwisho, kwa sababu ulimlazimisha daktari akutane tena na uamuzi wake wakati ambapo matokeo hayawezi tena kubishaniwa.

Mwaka 1911 Codman alifungua mjini Boston hospitali yake ndogo ili kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na mwaka 1914 alijiuzulu katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, ambako madaktari walipandishwa vyeo kwa kuhesabu miaka ya utumishi pasipo kuangalia matokeo ya kazi zao. Kati ya mwaka 1911 na 1916 wagonjwa 337 waliruhusiwa kutoka katika hospitali yake, na yeye mwenyewe aliandika na kuchapisha makosa 123 aliyoyabaini katika matibabu yao. Makosa hayo aliyagawa kwa aina, akitenganisha yale yaliyotokana na upungufu wa maarifa au ustadi, yale ya uamuzi mbaya wa upasuaji, yale ya uangalizi au vifaa, na yale ya kushindwa kuutambua ugonjwa. Kisha akaweka kando misiba ambayo hakuna mpasuaji angeweza kuizuia. Mgawanyo huo wenyewe ni somo, kwa kuwa neno kosa likiachwa bila kuchambuliwa huzaa aibu tu, ilhali likigawanywa kwa sababu zake humwonyesha mtu mahali pa kuanzia kurekebisha.

Hata hivyo wenzake hawakumpokea. Januari 1915, katika mkutano wa madaktari wa Boston, Codman alifunua mchoro mkubwa wa katuni uliowadhihaki matajiri wa mji na madaktari waliowahudumia, na ghadhabu iliyofuata ilimfanya apoteze uongozi aliokuwa nao katika chama cha madaktari cha hapo. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1913 na kumpa Codman uenyekiti wa kamati ya kuweka viwango vya hospitali, kilizikagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi, na mwaka 1919 kikabaini kwamba ni 89 tu zilizofikia viwango vya chini kabisa. Viongozi wake, wakihofia orodha ya hospitali hizo isije ikafika mikononi mwa magazeti, waliichoma moto katika tanuri la hoteli ya Waldorf Astoria mjini New York. Kadi ya Codman ilikidhi sharti la kumrudia mwandishi, lakini ilitupwa katika jamii ya wataalamu ambayo haikuwa imeandaa mahali pa kukiri kosa bila kuangamia, na kwa hiyo wengi waliiona kama hati ya mashtaka. Kilichoteketea katika tanuri lile kilikuwa ushahidi ambao hospitali zenyewe zingeweza kujifunza kwao.

Faili linaloonyesha fikra

Nusu karne baadaye swali la Codman liliulizwa upya kwa namna nyingine na Lawrence Weed, daktari aliyetokea katika utafiti wa maabara. Weed alishangazwa na tofauti kati ya maabara na wodi. Katika maabara mwanafunzi alitakiwa kueleza swali lake, kuandika kila hatua na kukubali daftari lake lichunguzwe na mwalimu. Wodini, ambako maisha ya mtu yalikuwa hatarini, faili la mgonjwa lilikuwa rundo la karatasi zilizopangwa kwa kufuata zilikotoka, majibu ya maabara upande mmoja, maelezo ya wauguzi upande mwingine na ya madaktari kwingineko, bila uzi wowote unaoonyesha nani alifikiri nini na kwa sababu gani.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1968 katika jarida la tiba la New England, Weed alipendekeza faili lipangwe kwa matatizo ya mgonjwa. Kila tatizo lipewe namba na kuorodheshwa mwanzoni, kisha kila maandishi ya maendeleo yarejee namba hiyo na kugawanywa katika sehemu nne: anachokieleza mgonjwa, anachokipima na kukiona mtabibu, tathmini yake juu ya hayo mawili, na mpango wa hatua zinazofuata. Muundo huu, ambao hadi leo hufundishwa katika vyuo vya tiba na uuguzi duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo, mara nyingi huonekana kama utaratibu mkavu wa kujaza karatasi, lakini lengo la mbunifu wake lilikuwa kuitoa hoja ya daktari hadharani. Pale tathmini inapolazimika kuandikwa peke yake, ikiwa imetenganishwa na dalili zilizotajwa na mgonjwa, pengo kati ya ushahidi na hitimisho huonekana, na anayeliona kwanza ni yuleyule aliyeandika.

Weed alitambua mapema kwamba karatasi peke yake haingetosha, kwa sababu daktari asingeweza kukumbuka kila kitu kilichohitajiwa na kila tatizo. Katika Chuo Kikuu cha Vermont yeye na wenzake walitengeneza mfumo wa kompyuta ulioitwa PROMIS, uliotumika wodini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambao mtumiaji aliuendesha kwa kugusa skrini, muda mrefu kabla ya skrini za kugusa kuwa kitu cha kawaida mikononi mwa watu. Mfumo huo ulimwongoza mtabibu hatua kwa hatua na kumtaka ahusishe kila agizo na tatizo la mgonjwa. Fedha za serikali zilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi hiyo ilisimama, lakini haikuwa fedha tu iliyoukwamisha: madaktari wengi waliona mfumo unawafunga katika mpangilio wake, unawachukulia muda, na unawatendea kama wanafunzi wa kudumu. Hapo ndipo lilipojitokeza fundo ambalo wabunifu wa programu bado wanahangaika kulifungua, kwamba mwongozo ukiwa mwepesi mno haumfunzi mtu, na ukiwa mzito mno humnyang'anya uamuzi ambao ndiyo sehemu ya kazi yake inayostahili kutafakariwa.

Mstari wa mkunga

Zana yenye historia ya karibu zaidi na Afrika haikutoka kwenye kompyuta wala kwenye hospitali tajiri. Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa New York alionyesha kwamba mwendo wa uchungu wa uzazi unaweza kuchorwa kama grafu, muda ukiwekwa chini na kufunguka kwa mlango wa kizazi, kwa sentimita, kukiwekwa kando. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury na leo ni Harare, waliigeuza grafu hiyo kuwa chombo cha kazi. Tatizo walilokabiliana nalo lilikuwa la umbali: wanawake wengi walijifungulia katika zahanati zilizoendeshwa na wakunga peke yao, daktari alikuwa mbali, na uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa ni lini mama ahamishwe kabla hali yake haijaharibika.

Philpott na Castle waliongeza mistari miwili juu ya grafu. Mstari wa tahadhari ulipanda kwa sentimita moja kila saa, na mama ambaye nukta zake zilivuka kuelekea kulia kwa mstari huo alihesabiwa kuwa anachelewa na anafaa kuhamishwa. Mstari wa hatua ulichorwa saa nne baada ya ule wa kwanza, na kuufikia kulimaanisha kwamba sababu ya ucheleweshaji lazima itafutwe na tiba ianze. Nafasi iliyopo kati ya mistari hiyo, yaani saa nne za safari na maandalizi, ilikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko mistari yenyewe, kwa kuwa ilizingatia hali halisi ya barabara, magari na uhaba wa madaktari. Mkunga aliyeweka nukta moja alikuwa anaandika, lakini pia alikuwa anaona papo hapo maana ya alichokiandika, na angeweza kubadilisha uamuzi wake wakati mama bado yuko mbele yake.

Baada ya mkutano wa kimataifa wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza toleo lake la mchoro huo, ambao katika wodi za wazazi hujulikana kama patografu, na kulijaribu katika nchi za Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba uchungu uliozidi saa 18 ulipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na haja ya kuongeza nguvu ya uchungu kwa dawa ilishuka kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Mchoro ulienea barani Afrika kote, lakini tafiti nyingi zimeonyesha pia jambo ambalo wakunga wenyewe wanalijua vizuri: pale mkunga mmoja anapohudumia kina mama wengi kwa zamu moja, patografu hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lisionekane tupu msimamizi atakapolikagua. Karatasi ni ileile na mistari ni ileile, lakini zana imehama kutoka kazi ya pili ya maandishi kwenda kazi ya kwanza, na nukta zilizokusudiwa kumwonya mkunga zimekuwa za kumlinda.

Jina lapatikana

Mwaka 1983 Donald Schön, profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts aliyekuwa ameisoma kwa kina falsafa ya John Dewey, alichapisha kitabu kuhusu mtaalamu mwenye kutafakari ambacho kilizipa zana hizi lugha. Schön alipinga dhana kwamba mtaalamu huchukua nadharia iliyotayarishwa chuoni na kuitumia tu kazini, kwa maelezo kwamba matatizo halisi huja yakiwa yamechanganyika, na mtaalamu hodari hugundua njia akiwa katikati ya kutenda. Alitofautisha tafakuri ndani ya tendo, yaani ile ya mtu anayebadilisha mwelekeo huku mikono yake ikiendelea na kazi, na tafakuri juu ya tendo, yaani ile inayofanyika baadaye, tendo likiwa limekwisha. Kwa lugha hiyo, kadi ya Codman ilikuwa zana ya tafakuri juu ya tendo, patografu ilikuwa zana ya tafakuri ndani ya tendo, na faili la Weed lilijaribu kuziunganisha zote mbili. Inafaa kuzingatiwa kwamba zana zilitangulia nadharia kwa miongo kadhaa, kwa sababu watu waliozibuni walikuwa wakijibu haja waliyoigusa kwa mikono yao.

Wakati huohuo mkondo mwingine ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1976 Clement McDonald wa Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba madaktari waliopewa vikumbusho vilivyotolewa na kompyuta walichukua hatua iliyotakiwa katika asilimia 51 ya matukio, ilhali bila vikumbusho walichukua hatua hiyo katika asilimia 22 tu. Hitimisho lake lilikuwa la huruma na la kutisha kwa pamoja, kwamba makosa mengi hayatokani na ujinga unaoweza kufundishika bali na mipaka ya akili ya binadamu inapolemewa na taarifa nyingi. Kwa mtazamo huo kazi ya kompyuta ni kukumbuka kwa niaba ya mtu. Mkondo wa Schön unataka zana imfanye mtaalamu awe bora zaidi kesho, na mkondo wa McDonald unataka zana imzuie asikosee leo. Mifumo mingi ya sasa imerithi damu ya pande zote mbili, na wabunifu wasioitambua tofauti hiyo huishia kujenga vikumbusho vingi hadi mtabibu anavifunga bila kuvisoma.

Kutoka Mosoriot hadi Zanzibar

Mkondo wa Indianapolis ulifika Kenya kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwezi Februari 2001, katika Kituo cha Afya cha Mosoriot nje ya mji wa Eldoret, ulianza kutumika mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya programu ya kawaida ya hifadhidata, katika mazingira yenye umeme usiotabirika na watumishi ambao wengi wao hawakuwahi kutumia kompyuta. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Janga la UKIMWI lilipolazimisha huduma kupanuka kwa kasi, uzoefu huo ulizaa wazo la mfumo huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila malipo, na ambayo ilibuniwa kuanzia mwaka 2004 kwa jina la OpenMRS na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006.

Muundo wa kazi katika kliniki hizo unafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake sharti la kurudi lilitimizwa kwa njia nyepesi. Mtabibu alijaza fomu ya karatasi kama alivyozoea, karani aliingiza taarifa kwenye kompyuta, na mgonjwa alipokuja tena mtabibu alikuta ukurasa mmoja uliochapwa wenye muhtasari wa safari yote ya mgonjwa huyo na vikumbusho vya kipimo kilichosahaulika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kliniki iliyopewa vikumbusho iliagiza kipimo cha CD4, kinachoonyesha nguvu ya kinga ya mwili, katika asilimia 53 ya nafasi zilizostahili, ikilinganishwa na asilimia 38 katika kliniki ya kulinganishia. Hakuna aliyemtaka mtabibu aache kalamu yake. Kalamu hiyo iliunganishwa na mzunguko unaoleta jibu.

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania ilikuwa imejenga katika miaka ya 1990 mfumo wake wa kitaifa, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaofahamika na kila mtumishi wa zahanati kwa kifupi chake, MTUHA. Rejesta zake zenye namba ziliweka utaratibu pale ambapo awali kila mradi wa wafadhili ulikuwa na fomu zake, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini watafiti waliofuatilia matumizi yake walikuta hali inayofanana katika nchi nyingi za Afrika: zahanati huhesabu, hujumlisha na kupeleka wilayani, wilaya hupeleka mkoani, mkoa hupeleka wizarani, na muuguzi aliyepiga mistari mitano mitano kwenye karatasi ya kujumlishia hapati neno lolote la kumwambia kazi yake inaonyesha nini. Mfumo wa namna hiyo humfundisha mtu somo moja tu, nalo ni kwamba tarakimu ni kodi inayolipwa kwa wakubwa.

Jaribio la kuugeuza mkondo huo lilitoka Afrika Kusini. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, kundi la watafiti wa Cape Town pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo lilianza kutengeneza programu ya taarifa za afya za wilaya kwa kuamini kwamba takwimu zinapaswa kutumika kwanza pale zinapokusanywa. Kizazi cha pili cha programu hiyo, DHIS2, kilienea Kenya nzima mwaka 2011 na Tanzania bara mwaka 2013. Hata hivyo mafunzo makubwa kuliko yote hayakutokana na programu bali na mikutano. Zanzibar, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, timu za wilaya zilikutana kila robo mwaka, kila timu ikasimama kuwasilisha takwimu zake yenyewe, na wenzao wa wilaya nyingine wakazihoji: kwa nini chanjo imezidi asilimia mia, kwa nini kina mama wengi huhudhuria kliniki mara moja na hawarudi, kwa nini tarakimu ya mwezi huu inalingana kabisa na ya mwezi uliopita. Waliogundua kwamba takwimu zao ni mbovu walikuwa ndio haohao wenye uwezo wa kuzisahihisha, na maswali yao yalirudi kwa wabunifu na kusababisha fomu zipunguzwe na viashiria vichujwe. Katika chumba hicho masharti yote matatu yalikutana, kwani maandishi yalirudi kwa wenyewe, yalirudi kila miezi mitatu, na aliyehoji leo alijua kwamba zamu yake ya kuhojiwa inafuata.

Nguvu ya kituo kifupi

Ushahidi mwingine wa kanuni hiyo unatoka Ifakara, katika bonde la Kilombero, ambako hospitali yake ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizoijaribu orodha ya uhakiki wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2007 na 2008, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto na Manila. Orodha hiyo yenye vipengele 19 huisimamisha timu mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Katika vituo hivyo watu hutaja majina na majukumu yao, huthibitisha mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, na mwishoni huzungumza kilichokwenda kombo na kifaa kilichosumbua. Kwa hospitali zote nane matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini jimbo la Ontario nchini Kanada lilipoamuru hospitali zake kuitumia orodha hiyohiyo, utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo wala matatizo, ingawa karibu hospitali zote ziliripoti kwamba orodha inajazwa. Wachambuzi wamebishana juu ya sababu, na hoja iliyo na uzito ni kwamba alama ya vema kwenye kisanduku si ushahidi kwamba watu walisimama wakazungumza. Agizo linaweza kuifikisha karatasi katika kila chumba cha upasuaji, lakini haliwezi kuiamuru nafsi ya mtu itulie na kusikiliza, na kwa hiyo mbunifu wa zana analazimika kubuni pia nafasi ya watu, muda wao na usalama wao wa kusema.

Mstari uliosahihishwa

Sura ya karibuni ya historia hii inarudi kwenye mstari wa mkunga. Kwa zaidi ya miaka 40 sentimita moja kwa saa ilikuwa kipimo ambacho uchungu wa mamilioni ya wanawake ulipimwa nacho. Kisha utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda, ukikusanya kumbukumbu za wanawake karibu 10,000, ulionyesha kwamba wengi waliovuka mstari wa tahadhari walijifungua salama, na kwamba kwa wanawake wengi mlango wa kizazi hufunguka polepole zaidi ya kipimo hicho hadi unapofikia sentimita 5. Mwaka 2020 Shirika hilo lilitoa mwongozo mpya wa kumhudumia mama wakati wa uchungu, ambao umeuondoa mstari wa tahadhari, unaianza hatua ya uchungu mkali katika sentimita 5, na unamtaka mkunga aandike mambo ambayo mchoro wa zamani haukuyauliza, yakiwemo kama mama ana mtu wa kumsindikiza na kama amepewa cha kunywa. Kisha, kwa kila tathmini, aandike uamuzi na mpango wake.

Mstari uliochorwa Harare kwa ajili ya kuwafunza wakunga umesahihishwa kwa nukta zilizowekwa katika wodi za Afrika, na nafasi ya kuandika uamuzi, ambayo Weed aliidai mwaka 1968, imefika kwenye karatasi ya mkunga wa zahanati. Wabunifu wa programu za afya wanaofanya kazi leo Dar es Salaam, Nairobi au Kigali wamerithi historia hii yote, na kabla ya kuamua rangi ya skrini au mpangilio wa vitufe wanalo swali moja ambalo Codman aliliuliza akiwa na kadi ya karatasi mkononi: mtumishi akimaliza kuandika, maandishi hayo yatarudi kwake lini, na atakapoyasoma atakuwa amekaa na nani?